Polisi, Baiskeli ya Ali na Bonanza la Kwetu

Mambo vipi watu wangu! Karibuni tena, mko na kaka yenu wa Kasulu, leo niko mjini kati hapa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Kaubaridi kapo, kwa hiyo mkisikia navuta kamasi mnisamehe. Na simu nimeishika kwa mkono, picha itacheza cheza kidogo.

Iko hivi. Mdogo wangu wa nyumbani kanirushia klipu WhatsApp. Polisi wameandaa bonanza na vijana wa bodaboda. Mpira upo, kuvuta kamba kupo, kukimbiza kuku, mbuzi kwa mshindi, fulana zimeandikwa maneno ya kupinga uhalifu. Mkuu kahutubia, picha zimepigwa, watu wakatawanyika. Dogo ananiuliza: kaka, huko kwenu polisi nao wanafanya haya mambo? Na yanasaidia kweli, au ni kula mbuzi tu?

Nikamwambia nisubiri, hilo nalijibu kwa video. Maana kama kuna mji duniani unaoweza kulijibu swali hilo, kwa uzuri na kwa aibu, ni huu.

Ngoja nigeuze kamera. Mnaona hapo juu ya mlango? Baiskeli nyekundu, imetundikwa ukutani. Hapa ni South Fourth Street, na hili jengo siku hizi ni la chuo, Spalding University. Zamani chini humo kulikuwa na ukumbi wa mazoezi, Columbia Gym.

Oktoba 1954, mtoto wa miaka 12 alikuja hapa na baiskeli yake mpya, Schwinn nyekundu. Jina lake Cassius Clay. Ndani kulikuwa na maonyesho ya wafanyabiashara weusi, bisi bure, soseji bure, na watoto na vitu vya bure mnawajua. Kutoka nje, baiskeli hakuna. Akalia weee. Watu wakamwambia kuna polisi huko chini, shuka ukamwambie. Akashuka, akakuta ulingo wa ngumi, na polisi mwenyewe, mzungu mmoja anaitwa Joe Martin, ndiye kocha. Dogo anafoka, huyo mwizi nikimpata nitamtwanga! Martin akamuuliza, kwani kupigana unajua? Jifunze kwanza, halafu ndiyo uende ukawatafute watu.

Wiki sita baadaye dogo yuko ulingoni kwenye televisheni ya hapa hapa mjini, kashinda kwa pointi za kubanana, kalipwa dola 4. Miaka sita baadaye, 1960, yuko Roma na medali ya dhahabu ya Olimpiki. Na huko Roma alitaka kugoma kwenda, jamaa alikuwa anaogopa ndege kupita kiasi. Martin akamchukua mpaka kwenye bustani ya Central Park, ya hapa Louisville, siyo ile ya New York, akakaa naye anambembeleza mpaka akalainika. Mtoto wa Martin alikuja kusimulia kwamba Clay alikwenda duka la vifaa vya jeshi akanunua parachuti, akaivaa ndani ya ndege! Ndiyo huyo huyo Muhammad Ali mliyesimuliwa na baba zenu, yule aliyempiga Foreman Kinshasa 1974, uwanja mzima unaimba Ali, boma ye.

Na baiskeli je? Haikupatikana mpaka leo. Kikazi, afande pale hakufanikiwa kitu.

Mimi kinachonigusa kwenye habari hii ni ile miaka sita kuliko hata umaarufu wa Ali. Kila jioni ukishuka ngazi, Martin yupo. Ana kitu mkononi anachokijua, ngumi, na anakufundisha. Na hii ilikuwa Louisville ya ubaguzi, weusi na wazungu kila mmoja na shule yake, ila ukumbi ule ulipokea watoto wa pande zote. Tuseme ukweli lakini, Martin hakuwa peke yake. Ali alifundishwa pia na Fred Stoner, kocha mweusi wa upande wa pili wa mji, ambaye hata polisi hakuwa. Kwa hiyo msije mkafikiri sare ndiyo inayotenda miujiza.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Martin. New York, mwaka 1914, watoto walikuwa wanakamatwa kwa kosa la kucheza mpira barabarani. Kamishna wa polisi wa wakati huo, Arthur Woods, akasema jamani, hawana pa kuchezea hawa. Akaanza kufunga baadhi ya mitaa, magari yasipite, watoto wacheze. Chama cha michezo cha polisi cha New York kinahesabu umri wake kuanzia hapo, na vyama kama hicho vipo miji mingi ya Marekani mpaka leo, ngumi, kikapu, masomo ya jioni.

Sasa twende kwenye mipango ya aina nyingine, ile ya fulana na hotuba. Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles walianzisha mpango unaitwa D.A.R.E. Askari na sare zake anaingia darasani, anawafundisha watoto kukataa dawa za kulevya. Ukaenea nchi nzima, fulana nyeusi zenye maandishi mekundu kila kona, wanasiasa wanaupenda, wazazi wanaupenda. Watafiti wakaja kupima. Hapo Lexington, kama saa moja na robo kwa gari kutoka hapa, na ndugu zetu wa Kongo wamejaa huko wanaongea Kiswahili mpaka shuleni, walifuatilia vijana 1,002. Wengine walikuwa wamepitia D.A.R.E. wakiwa darasa la sita, wengine hawakupitia. Miaka kumi baadaye, wakiwa na umri wa miaka 20, wakalinganishwa. Matokeo yalitoka 1999: hakuna tofauti. Sigara, pombe, bangi, wako sawa. Wenye mpango wenyewe walikuja kubadilisha masomo yao 2009, na wanaendelea.

Na kuna mbaya zaidi ya hiyo. Miaka ya 1970, gereza la Rahway, New Jersey, watoto watukutu walikuwa wanaingizwa ndani kukutana na wafungwa wa vifungo virefu, wanafokewa na kutishwa ili wanyooke. Ikapendwa, ikaigwa. Utafiti ulipofanyika, watoto waliopelekwa kutishwa walikuja kuvunja sheria zaidi ya wenzao walioachwa nyumbani. Nalisema hili kwa sababu nawajua wazazi wa kwetu. "Mpeleke kituoni akalale hata usiku mmoja, atanyooka." Mzee, hanyooki. Anatoka na marafiki wapya.

Sasa ile aibu niliyowaambia. Hapa hapa Louisville polisi walikuwa na mpango wa vijana wanaotaka kuja kuwa askari, unaitwa Explorer. Upo miji mingi, ni wa vijana wa miaka 14 mpaka 20. Wanavaa sare zao, wanafundishwa gwaride, wanapanda gari la doria na askari. Kwa mzazi, mtoto yuko mikono salama, yuko na polisi, ungemtaka wapi tena? Ikaja kubainika askari wanaousimamia walikuwa wanawadhalilisha kingono vijana wale wale. Mpango ukasimamishwa 2017, na askari wawili wa zamani wakahukumiwa kifungo 2019. Nimelitafakari sana hili, maana kilichowapa nafasi ni ile imani yetu. Mtoto na mtu mzima wako wawili tu ndani ya gari, na wa kuuliza hakuna, kwa sababu ni afande.

Kwa hiyo mimi siku hizi kwenye mpango wowote wa vijana naanza na mlango. Mzazi anaweza kuingia muda wowote bila kupiga hodi? Kuna watu wazima wawili kila wakati? Mtoto akiona jambo baya anamwambia nani, na huyo mtu yuko nje ya kituo hicho? Kwetu madawati ya jinsia na watoto yapo vituoni, ni jambo jema, ila kama mshukiwa ni afande wa kituo hicho hicho, mtoto ataanzia wapi?

Jirani yangu hapa ni mama wa Uvira, Kongo, kakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule kwetu Kasulu miaka na miaka kabla ya kuletwa huku. Kijana wake anapenda mpira. Nikamgusia habari ya programu za polisi, akanitazama. "Mutoto yangu aende kwa polisi? Hapana, baba. Kwetu ukiona polisi unakimbiaka." Nikanyamaza. Ningemwambia nini? Machi 2020 polisi wa mji huu waliingia usiku nyumbani kwa Breonna Taylor, dada wa miaka 26, wakampiga risasi akafa. Wizara ya Sheria ya Marekani ikachunguza, na Machi 2023 ikatoa ripoti kwamba polisi wa hapa walikuwa na mazoea ya kuvunja haki za watu, weusi hasa. Hata mfundishe watoto ngumi kiasi gani mchana, mkivunja milango usiku watoto wanaona.

Na ninyi bodaboda wa nyumbani mnanielewa. Jumamosi mmecheza mpira na afande, Jumatatu afande yule yule kakusimamisha barabarani, na unajua anachotaka. Mbuzi gani atalifuta hilo?

Ila sisemi bonanza liachwe, mbuzi ni mbuzi, aliwe tu. Dogo, wewe na wenzako wa kijiweni, mkikaa tena na polisi kata wenu, mwambieni fulana tumeshukuru. Sasa tunaomba mtu mmoja, anayejua kitu kimoja vizuri. Ngumi, riadha, ufundi wa pikipiki, hata kuwapigisha vijana msasa wa sheria za barabarani mpaka wapate leseni. Aje siku moja ya wiki, siku hiyo hiyo kila wiki, afanyie uwanja wa shule, pa wazi, mwalimu au mzazi mmoja akiwepo. Na akihamishwa, maana polisi wa kwetu kuhamishwa ni muda wowote, muulizeni mapema nani atashika nafasi yake. Hapo ndipo mipango mingi inapofia. Mkuu aliyekuwa na moyo anapata uhamisho, mwenzake anafunga stoo na mipira ndani.

Akikubali, nirushie klipu ya wiki ya kumi. Ile ya ufunguzi usihangaike nayo.

Haya, vidole vimeganda, naingia kwenye gari. Wiki ijayo mliniomba niwaeleze kazi ya usiku ya kupakia vifurushi uwanja wa ndege, nitawaeleza yote, mpaka mshahara. Msalimieni mama.