Slabu ya Nyumba Inavyokata Mlima

ZUHURA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo ni milima inayolipuliwa ili tupate kokoto na saruji. Kaka Baraka, tuanzie kwenye mahesabu ya fundi, maana agizo linaanzia pale.

BARAKA: Sawa, dada. Chukua slabu ya mita za mraba 100, unene sentimita 15. Hiyo ni zege ya mita za ujazo 15, uzito wake kama tani 36. Humo mna kokoto tani 16 hivi, mchanga tani 11, na ukiweka kilo 320 za saruji kwa kila mita ya ujazo, mifuko 96 ya kilo 50.

ZUHURA: Na saruji nayo ni mawe.

BARAKA: Mawe matupu. Tani moja ya klinka, ile inayosagwa kuwa saruji, hula karibu tani moja na nusu ya malighafi, nyingi yake mawe ya chokaa, kwenye tanuri la nyuzi 1,450. Uzito unaopotea ni hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe lenyewe. Hata ukichoma kwa nishati safi kiasi gani, hiyo itatoka tu.

ZUHURA: Dunia inatengeneza saruji tani bilioni 4 hivi kwa mwaka. Mchanga, changarawe na kokoto, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linakadiria tani bilioni 50. Lakini kwa nini kilima kinachoumia ni kile kilicho karibu na mji?

BARAKA: Kokoto ni nzito na bei yake ni ndogo. Lori likienda mbali kidogo, nauli inaipita bei ya mzigo. Kwa hiyo mchimbaji hatafuti mlima unaofaa kuchimbwa, anatafuta ulio jirani na wateja. Mji ukipanda ghorofa, kilima cha pembeni kinashuka.

ZUHURA: Na kinachimbwaje? Hapa ndipo tofauti ya machimbo na maangamizi ilipo.

BARAKA: Kabisa. Njia sahihi ni kuanzia juu. Unaondoa udongo wa juu na kuuweka kando, kisha unakata mlima kwa ngazi, kila ngazi mita 10 hivi, ukiacha njia pana kati yake. Wanaotaka mawe ya haraka huchimba chini, kwenye kitako, ili sehemu ya juu iporomoke yenyewe. Wanaokoa baruti na matundu ya kutoboa, lakini wanaacha ukuta wima usio na kitu cha kuushikilia. Mvua ikiingia kwenye nyufa, unaangukia watu.

ZUHURA: Mimi kinachoniuma zaidi ni maji. Mlima wa chokaa ni ghala la maji. Mvua inazama kwenye nyufa na mapango, inasafiri chini kwa chini, inatokea kwenye chemchemi mbali na pale. Ukilipua, unaweza kuikata njia hiyo. Shimo likishuka chini ya usawa wa maji ya ardhini, lazima yapampiwe nje mfululizo, na visima vya jirani vinapungua. Ukiacha kuchimba, njia ile ya zamani hairudi.

BARAKA: Hata udongo wa juu huharibiwa kizembe. Ukirundikwa kichuguu cha mita 5 au 6, ndani hewa haifiki, vijidudu na mbegu zinakufa. Urundike kichuguu kifupi, cha mita 2 hivi, uupande majani, ndipo utafaa kurudishwa.

ZUHURA: Tuje kwa anayejenga. Apunguze wapi?

BARAKA: Kwenye mchoro. Slabu ya sentimita 20 mahali ambapo 15 inatosha imekula tani 12 zaidi kwenye eneo lile lile. Aamue mhandisi, si mazoea. Pili, maji. Fundi akiona zege nzito anamwagia ndoo. Ukitoka lita 160 kwa kilo 320 za saruji ukafika 208, nguvu inaweza kushuka kwa karibu theluthi, halafu safari ijayo anaongeza mifuko kufidia. Tatu, namba kwenye mfuko, ile inayoonyesha daraja la nguvu ya saruji. Kupiga plasta na kujengea tofali hakuhitaji 42.5, 32.5 inatosha, na mara nyingi ina klinka pungufu.

ZUHURA: Kuna pia saruji ya udongo mfinyanzi uliochomwa. Klinka nusu, udongo asilimia 30, jiwe la chokaa lisilochomwa 15, jasi (gypsum) 5. Inapunguza hewa ya ukaa kwa kama theluthi, na inahitaji mawe machache zaidi ya kuchoma. Ukiipata sokoni, ichukue.

BARAKA: Na kifusi. Zege iliyovunjwa ikitolewa nondo na kusagwa ni kokoto nzuri ya chini ya sakafu. Ukiitumia kwenye zege mpya, iloweshe kwanza, maana inanyonya maji kuliko jiwe la mlimani na mchanganyiko utakauka kabla hujaumwaga.

ZUHURA: Jengo likiwa na dari na kuta za jasi?

BARAKA: Zitoe kabla nyundo ya kwanza haijapigwa. Jasi ikiingia kwenye zege, salfeti yake inaifanya ivimbe na kupasuka baadaye, na kifusi kikishachanganyika hutaweza kuichambua.