Galaxy: Bawa Lililopunguzwa kwa Kalamu

Najua mmekuja kusikia habari za ukubwa, basi tuzimalize upesi. C-5 Galaxy, ndege ya mizigo ya Jeshi la Anga la Marekani, ina magurudumu 28, pua yake hufunuka juu ili magari yaingilie mbele na kutokea nyuma, na hubeba vifaru viwili vya Abrams kwa safari moja. Mmeridhika? Sasa twende kwenye mkataba, maana huko ndiko ndege hii ilikopatia maradhi yake kabla haijaundwa.

Mwaka 1965, Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani chini ya waziri Robert McNamara, ilikuwa imechoshwa na wakandarasi wanaoomba kazi kwa bei ndogo kisha wakarudi kila mwaka kudai nyongeza. Ikabuni dawa: mkandarasi ataje bei ya usanifu, ya majaribio na ya kuunda ndege zenyewe, yote katika mkataba mmoja, kabla bati la kwanza halijakatwa. Ni kumbana fundi akutajie bei ya nyumba yako na za wanao watatu, na kiwanja hajakiona! Waliochambua zabuni walipendelea mchoro wa kampuni ya Boeing. Wapinzani wao, Lockheed, walikuwa na bei ya chini. Mnajua nani alipata kazi.

Hapa naomba mnivumilie, nitakaa. Kabla ya kutiwa saini, Lockheed waliambiwa ndege yao inahitaji njia ndefu mno ya kurukia. Wakaongeza bawa harakaharaka. Bawa kubwa lina uzito, na uzito ulikuwa umeshaandikwa kwenye mkataba. Jeshi la Anga likashikilia: kilichoandikwa ni kilichoandikwa. Basi wahandisi kule Marietta, Georgia, wakaanza kupunguza metali popote ilipopungulika, bawa likiwemo. Sasa fikirini kazi ya bawa. Ndege ikiwa ardhini, linaning'inia. Ikipaa, linapinda kwenda juu. Safari baada ya safari, metali iliyokondeshwa huchoka na kupata nyufa. Mwaka 1969 bawa la majaribio lilipasuka kabla ya kufika mzigo uliokusudiwa. Ndege iliyotakiwa iruke saa 30,000 ikaonekana itafika kama 8,000 tu. Ikabidi marubani wapunguziwe shehena, kwenye ndege iliyojengwa kwa ajili ya shehena! Kati ya 1981 na 1987, ndege 77 zilivuliwa mabawa na kuvishwa mapya, kwa zaidi ya dola bilioni 1. Kilo zile walizozibania zilirudi, na bili juu yake.

Mtu ataniambia: Mwalimu, kila ndege mpya ina kasoro. Kweli. Ila kasoro hii haikutokana na ujinga. Wahandisi walijua bawa linataka metali. Walichokosa ni ruhusa ya kuiweka.

Na aliyesema ukweli je? Ernest Fitzgerald, mtumishi wa Jeshi la Anga, aliulizwa na Seneta Proxmire mwaka 1968 iwapo gharama za Galaxy zimepanda kwa takribani dola bilioni 2. Akakubali. Baada ya hapo cheo chake kikafutwa, eti kubana matumizi. Jamani! Alirudishwa kazini mwaka 1973, na kesi aliyomfungulia Richard Nixon, aliyekuwa rais cheo hicho kilipofutwa, ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1982 iliamua kwamba rais hadaiwi fidia kwa matendo ya kiofisi. Wanasheria huisoma kesi hiyo bila kujua kwamba chanzo chake ni ndege ya mizigo.

Halafu acheni kuniletea ile hadithi kwamba Boeing 747 ni mchoro ule ule ulioshindwa, ukawekewa viti. Si kweli. Boeing walijifunza mengi kwenye zabuni ile, lakini 747 ilisanifiwa upya, na hata mabawa yake yako chini ya kiwiliwili. Urithi halisi wa Galaxy kwa abiria ni injini. TF39 ya General Electric ilipitisha nje ya kiini chake hewa mara nane ya iliyopita ndani, na kutoka humo ikazaliwa CF6 iliyosukuma ndege nyingi za abiria. Hili lilistahili mhadhara wake, lakini saa imekwenda.

Kwa ufupi basi: Oktoba 1973 Galaxy ilipeleka silaha Israel kupitia Lajes, visiwa vya Azores, maana nchi nyingi za Ulaya zilikataa ndege hizo zitue kwao. C-141, ndege nyingine ya mizigo ya jeshi hilo, haikuweza kujazwa mafuta angani, ndiyo maana baadaye ikarefushwa na kuwekewa kifaa cha kujazia. C-17, ndege ya mizigo iliyokuja baadaye, iliruka mara ya kwanza 1991, na mwaka uliofuata bawa lake likavunjika kwenye majaribio. Bawa tena!

Na wewe uliyeinua mkono tangu nianze, najua unataka Antonov, ndege ya mizigo ya Wasovieti. Ndiyo, An-124 ya mwaka 1982 ni kubwa kuliko Galaxy. Nilishasema tangu mwanzo, ukubwa sikuja nao. Niulize mkataba.