Maandishi Yanayonyweka

Assalamu alaykum. Shikamooni wazee wangu wa mbele. Na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke, nawaona.

Nimeombwa nizungumzie uandishi na mambo ya roho. Nitaanzia ukumbini kwa bibi yangu. Mtoto akishikwa na homa isiyosikia dawa, aliitwa maalim, mwalimu wa Qur'ani. Alipewa sahani nyeupe na zafarani iliyorowekwa kwa marashi, akatoa kalamu yake ya mwanzi na kuanza kuandika aya, polepole, midomo ikimcheza. Wino ulipokauka yalimiminwa maji, sahani ikazungushwa mpaka herufi zikayeyuka, na mgonjwa akanywa. Ndilo kombe hilo. Wapo masheikh wanaolikataa, nami sikuja hapa kuamua ugomvi wao. Ila mgonjwa mmojawapo nilikuwa mimi. Nakumbuka yale maji ya manjano, nakumbuka uchungu wake wa mbali kooni. Tangu hapo kila nikiandika najiuliza: haya, mtu akiyanywa, itakuwaje?

Sasa twende kwa Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858, mama huyu mzaliwa wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alimtungia utendi binti yake. Watu hupenda kubishana juu ya nasaha zake za ndoa, na wana haki ya kubishana. Mimi hunasa mwanzoni kabisa. Anasema maradhi yamemshika hata mwaka umetimu. Kisha anamwita binti: “Ndoo mbee ujilisi, na wino na qaratasi.” Njoo mbele ukae. Akishasogea, ndipo anaambiwa aandike Bismillahi.

Tazameni mpango wenyewe. Mgonjwa anasema, kijana anashika kalamu, na kabla ya neno lolote la wasia watu hao wawili wamekaribiana mkekani. Tumezoea kuipita dibaji kama mlango wa kuingilia tu. Kwangu mimi ibada imeshaanza pale binti alipoburura mkeka. (Mkeka nimeuongeza mimi, mnisamehe.)

Mwenzake Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga utenzi wa Inkishafi zamani kidogo kuliko mama huyu, alipita njia nyingine. Aliutazama mji wa Pate uliokwisha utajiri. Majumba yamehamwa, makinda ya popo yananing’inia, na kwenye madaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za fahari sasa wamelala wana wa ndege. Mtu mwenye kalamu angeshindwaje kuwahutubia wenzake hapo? Yeye anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauuliza, anaukaripia, anaukumbusha kwamba dunia ni ghururi, udanganyifu mtupu. Sisi wasomaji tumesimama kando kama waliopita barabarani wakasikia mtu akigombana na nafsi yake nyumbani. Ndiyo maana yanatuingia. Siku hizi nasoma mashairi mengi ya dini ambayo mtunzi wake hana kosa hata moja. Makosa yote ni ya jirani.

Nami nisijifanye mjuzi. Alipofariki mjomba wangu, niliandika marsiya, shairi la maombolezo, ya kusomwa kwenye khitma. Nilijaza Kiarabu, nikajaza vina vya kati na vya mwisho, beti ishirini na kitu. Nikasoma kwa sauti nzito. Watu wakasema mashallah. Baadaye shangazi aliniita pembeni. “Mwanangu, nisomee tena pale pa kofia.”

Mjomba alikuwa mshona kofia za viua, zile zenye matobo yaliyodariziwa. Ubeti mmoja tu, tena niliouweka ili kujaza nafasi, ulitaja kofia aliyoiacha nusu, sindano ingali imechomekwa kwenye tobo. Nikamsomea. Akataka tena. Zile beti nyingine hakuziulizia wala sikuzitaja.

Nilirudi nyumbani nikazifuta. Ilinichukua usiku kucha, kwa sababu baadhi zilikuwa nzuri kweli, vina vimekaa sawasawa. Ule ubeti mmoja nikaunakili kwa mkono kwenye karatasi safi, nikampelekea shangazi asubuhi. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya msahafu wake.

Haya, maswali. Wewe wa karibu na mlango, anza.