Sentensi moja inatosha kugeuza hisia?

Karibuni, walioko nyuma mnanisikia? Poa. Nianze na jamaa mmoja wa kutungwa tu, anaitwa Francis West. Umesoma kwamba kavunja nyumba mbili za majirani, kaharibu vitu, kaingia mpaka vyumbani akatoka na vitu vya thamani. Ushamchukia, si ndio? Na sio kwa mdomo tu, hata ukiwekwa kwenye kompyuta wakupime ile hisia inayochomoka kabla hujafikiri, bado inakuumbua.

Halafu mwishoni kabisa unaambiwa zile nyumba zilikuwa zinawaka moto, na hivyo vitu vya thamani ni watoto waliokwama ndani.

Jaribio hilo ni la wanasaikolojia Thomas Mann na Melissa Ferguson, 2015. Kabla ya hapo wanasaikolojia wengi walikuwa wanaamini hisia za namna hii zinabadilika kidogokidogo sana kama mazoea, yaani ukipewa habari mpya mdomo unakubali fasta ila ndani bado umenuna. Wao wakakuta imegeuka palepale. Ila sasa hapa ndo penyewe, kuna wengine hawakuambiwa habari ya moto, waliambiwa Francis baadae alimwokoa mtoto asigongwe na treni. Wema mkubwa tu! Hao mdomoni walimsifia, ile ya ndani ikagoma kuwa nzuri. Kwa sababu wizi bado upo pale pale, umewekewa wema juu yake. Moto haujaongeza kitu juu ya wizi, moto umefanya wizi usiwe wizi. Ndo maana mi hucheka nikiona mtu anatetewa kwa kupangiwa sifa zake kumi wakati lile moja alilofanya hakuna anayeligusa.

Lakini msikimbilie kushangilia, chuki ya Francis ina umri wa dakika chache. Zile za kundi zima la watu, ulizokua nazo tangu utotoni, hizo ni kazi nyingine: mtafiti Calvin Lai na wenzake 2016 walijaribu mbinu 9 za kuzipunguza kwa watu zaidi ya 6,000, zote zilifanya kazi papo hapo, na baada ya saa kadhaa au siku kadhaa hakuna hata moja iliyobaki. Mi naona shida ni kwamba kundi halina tukio moja la kulisoma upya, ni vijitukio elfu vidogovidogo, sasa moto utauwasha nyumba ipi?

Haya, kuna mkono kule nyuma, ndio dada.