Lori, kizuizi na risiti: jinsi Al-Shabaab inavyojilipia vita

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wa masomo ya usalama, habari za jioni.

Al-Shabaab, kundi la wapiganaji wa Somalia, ikitajwa, fikra zetu hukimbilia damu: Westgate mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 ambako watu 148 waliuawa, mlipuko wa makutano ya Zobe jijini Mogadishu Oktoba 2017. Ni haki yetu kuomboleza. Lakini jioni hii naomba tutazame kipande cha karatasi, yaani risiti.

Chukueni lori la bidhaa linalotoka Mogadishu kwenda mji wa Baidoa. Njiani kuna vizuizi vya askari wa serikali na vya wanamgambo wa koo. Kila kimoja dereva hutoa pesa, na kiasi hupandishwa na njaa ya askari ambaye mshahara wake umechelewa. Kisha anafika kizuizi cha Al-Shabaab. Karani anauliza mzigo ni nini na gari lina ukubwa gani, anatoza kwa kiwango kilichopangwa, anaandika risiti. Mbele, kwenye kizuizi kingine cha kundi hilohilo, dereva anaonyesha ile karatasi na kupita. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2018 walikadiria kuwa kizuizi kimoja tu kwenye barabara hiyo kiliingiza takriban dola milioni 10 kwa mwaka.

Dereva hawapendi Al-Shabaab, anawaogopa. Ila gharama anayoijua kabla ya kuwasha gari anaweza kuiingiza kwenye bei ya mzigo, na ile asiyoijua humla mtaji. Hapo ndipo serikali inaposhindwa, tena bila risasi kupigwa.

Vijijini Al-Shabaab wanachukua zaka. Kwa kanuni za fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, ngamia 5 hutolewa mbuzi 1, mbuzi 40 hutolewa 1, ng'ombe 30 hutolewa ndama wa mwaka mmoja. Zaka ni haki ya maskini. Hawa huikusanya kwa mtutu, kisha huongeza michango ya vita juu yake. Mwaka 2022, ukame ukiwa umemaliza mifugo, wafugaji wa mkoa wa Hiiraan, katikati ya Somalia, walichoka. Wakashika silaha, wakaitwa Macawisley kwa sababu ya macawis, ule msuli wanaouvaa. Jeshi likaungana nao na maeneo mapana yakakombolewa.

Kilichofuata kinauma. Jeshi linafika mji, linapandisha bendera, linasonga mbele. Hakimu haji, karani wa ushuru haji, polisi wa kubaki hawapo. Agosti 2023 kambi ya jeshi ya Cowsweyn ilishambuliwa na Al-Shabaab, na wanajeshi wakaondoka katika miji kadhaa waliyokuwa wameitwaa. Aprili 2025 mji wa Adan Yabaal nao ukarudi mikononi mwa kundi. Mwananchi aliyewapokea askari kwa furaha ndiye anayebaki kujieleza mbele ya watu waliorudi.

Hata kufunga akaunti kuna mpaka wake. Mwanzoni mwa 2023 serikali ilitangaza kufunga akaunti za benki zipatazo 250 na za pesa za simu 70, baada ya kuwaonya wafanyabiashara kwamba anayelipa atapoteza leseni. Hatua hiyo naiunga mkono. Lakini mfanyabiashara wa Mogadishu hupigiwa simu na Amniyat, kitengo cha ujasusi cha kundi, akiwa dukani kwake. Serikali inamtishia leseni, wao wanamtishia uhai. Ulinzi utangulie, adhabu ifuate.

Kinachohitajika hakina fahari ya kuonyeshwa kwenye televisheni. Askari walipwe moja kwa moja benki, kwa usajili wa alama za vidole, ili kamanda asile mishahara hewa. Vizuizi vya serikali vipunguzwe, na risiti ya kimoja itambuliwe na kingine, hata lori likivuka jimbo. Na mahakama: wapo wakazi wa Mogadishu, mji mkuu wenyewe, wanaosafiri kwenda mahakama za Al-Shabaab kwa kesi za ardhi, kwa kuwa hukumu hutoka upesi na hutekelezwa. Nikiambiwa nichague pa kuweka shilingi ya kwanza, nitaiweka kwa hakimu wa ardhi na polisi wa kutekeleza hukumu yake.

Karibuni kwa maswali. Tuanze na wale waliofanya kazi Mandera na Wajir, kaunti za Kenya zinazopakana na Somalia.