Chakula kikishazibuka, kazi ndiyo kwanza inaanza

Jambo yenu, ndugu zangu. Nimefurahi kuona watunzaji wa farasi na wenye farasi wamekaa ukumbi mmoja, hapa Lubumbashi, maana jambo la leo, kumtunza farasi baada ya kukwamwa na chakula, halifanikiwi upande mmoja ukibaki nyuma.

Farasi aliyekwamwa na chakula wengi wenu mmemwona. Ananyoosha shingo, anakohoa, mate yenye chakula yanamchuruzika puani. Pumzi anayo. Kilichoziba ni umio, njia ya chakula, na kwa kuwa farasi hatapiki, alichomeza kinatafuta pa kutokea puani. Daktari humpa dawa ya kumtuliza mpaka kichwa kiiname, hupitisha mrija puani, huosha kwa maji polepole mpaka zibo liachie. Hapo kila mtu anashusha pumzi, farasi anaanza kunusanusa ndoo, na mwenye huruma anamwekea pumba.

Tafadhali, msimwekee. Dawa ya kumtuliza bado imo mwilini, na farasi mwenye usingizi hatafuni wala hamezi vizuri. Umio nao umevimba na umechubuka ndani. Siku mbili za kwanza ndizo za hatari kubwa ya kuziba tena. Aliyeziba kwa muda mfupi huenda akakaa saa kadhaa bila kula. Aliyeumia sana, daktari anaweza kusema siku nzima au mbili. Maji safi yawepo muda wote. Na hapa pana jambo linalosahaulika mno: ondoeni majani makavu aliyotandikiwa. Farasi mwenye njaa atakula kitanda chake, na mtabaki mkiulizana amekwamwa na nini.

Akiruhusiwa kula, chakula kiwe laini na kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Kile cha vipande vilivyokaushwa na kushindiliwa, kinacholetwa kwa magunia, kiloweni mpaka kivurugike chote. Msihesabu dakika tu; ingizeni mkono ndooni. Kikibaki kipande kimoja kigumu kati ya vidole, bado. Mnachotafuta ni uji wa kumiminika, si bukari, yaani ugali. Vipande hivyo vikimezwa vikavu huvimba vikikutana na mate, na farasi mzima hutoa mate lita 30 na zaidi kwa siku. Mwekeeni chini, ale ameinamisha kichwa, ili kilichobaki puani na kooni kitoke nje.

Majani mabichi malaini yanafaa mapema kuliko makavu. Najua mtaniambia habari za Septemba na Oktoba, joto limepanda, mvua bado, majani yote yamekuwa kama fagio. Basi nendeni kwenye dembo, bonde la majimaji; penye unyevu bado mtapata. Ya kukauka yasubiri wiki moja hadi mbili, au zaidi daktari akisema, na yakianza kurudi yarudi yamelowekwa.

Sasa mapafu, ambayo ndiyo yananitia hofu kuliko yote. Wakati umio umeziba, mate na chakula huweza kuteleza kuingia njia ya hewa. Siku ile hamtaona kitu. Kesho yake au siku chache baadaye farasi ananyong'onyea, anaacha chakula, mapafu yameanza kuoza kwa uchafu ule. Kwa hiyo mpimeni joto asubuhi na jioni, wiki nzima, hata akionekana mzima kabisa. Joto la kawaida ni 37.5 hadi 38.5. Akitulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika; simameni pembeni mwangalie ubavu. Kisha sogezeni pua yenu kwenye pua yake, tundu moja moja. Harufu ya uvundo ikiwepo, mpigieni daktari usiku huohuo. Daktari akiwa amekwisha kuandika antibiotiki, zimalizeni zote.

Kila siku pia pitisheni kiganja upande wa kushoto wa shingo, kwenye bonde ambamo umio unapita, toka taya mpaka kifuani. Uvimbe mpya, au ngozi inayotoa mlio wa kupasukapasuka chini ya vidole, maana yake umio huenda umetoboka. Hiyo haingoji asubuhi.

Wengi hudhani wiki mbili zikipita mambo yamekwisha. Kidonda kilichozunguka umio wote hupona kwa kujikaza, na njia hubana zaidi karibu na siku ya 30. Akikwamwa tena wakati huo, daktari amwangalie kwa kamera ya ndani, msichukulie ni bahati mbaya.

Tena mtafute chanzo. Meno yakaguliwe, angalau mara moja kwa mwaka, na mzee mara mbili. Mwenye pupa awekewe mawe makubwa laini ndani ya ndoo, asiyoweza kuyameza, alazimike kuchokonoa. Chuo Kikuu chetu kinasomesha madaktari wa mifugo hapahapa mjini. Waiteni kabla ya msiba.

Na ninyi wenye farasi, nawaomba kitu kimoja kwa moyo wote. Anayeshika pua ya farasi saa mbili usiku ni mtunzaji. Mpeni kipima joto kikae zizini, daftari la kuandika namba, salio kwenye simu, na ruhusa ya kumpigia daktari bila kungoja ninyi mjibu.

Haya, karibuni kwa maswali.