Jina Chini ya Kichwa cha Makala

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wa uzamili na uzamivu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie maadili ya uchapishaji katika majarida ya kitaaluma. Wizi wa maandishi, data za kupikwa, makala moja kupelekwa majarida mawili kwa mpigo: hayo mmeshayasikia mara nyingi. Leo nataka kukaa kwenye jambo moja, nalo ni jina. Ukiandika jina lako chini ya kichwa cha makala, umesema nini?

Turudi Mei 2020, Uviko umefunga dunia. Tarehe 22 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha makala iliyosema kwamba wagonjwa wa Uviko wanaopewa klorokwini au hidroksiklorokwini wanakufa zaidi. Klorokwini tunaifahamu, wa rika langu tuliinywa utotoni kwa malaria, tukajikuna usiku kucha. Makala ilidai kuwa na wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671, mabara sita. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza kusimamisha kwa muda majaribio yake ya hidroksiklorokwini. Tazameni nguvu ya makala moja.

Data zote zilitoka kwa kampuni moja ya Marekani, Surgisphere, na mwenye kampuni alikuwa mmoja wa waandishi wanne.

Sasa hapa panatuhusu. Zaidi ya wagonjwa 4,000 walisemekana ni wa Afrika. Watafiti zaidi ya 100 waliandika barua ya wazi, na moja ya hoja zao ilikuwa hii: tukiziamini takwimu hizo, basi karibu robo ya wagonjwa wote wa Uviko barani, na asilimia 40 ya waliofariki, walikuwa katika hospitali zilizoungana na kampuni hiyo, zenye kumbukumbu za kielektroniki za hali ya juu. Hakuna hospitali hata moja iliyotajwa kwa jina. Yeyote kati yetu aliyewahi kukusanya data katika hospitali ya wilaya, akapekua mafaili ya karatasi huku akisubiri umeme urudi, angeshtuka palepale.

Wakaguzi huru walipoomba data kamili, kampuni ilikataa kuzitoa. Tarehe 4 Juni waandishi wengine watatu waliomba makala ifutwe, ikafutwa. Siku hiyohiyo jarida jingine la tiba, New England Journal of Medicine, nalo lilifuta makala iliyotegemea data za kampuni hiyo, na waandishi wakaeleza kwamba si wote waliokuwa wameruhusiwa kuona data ghafi. Lakini majina yao yalikuwa pale juu.

Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba inadai mambo manne kwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito utafiti wenyewe, ameandika au kuhakiki andiko, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kazi yote. Yote manne, si mawili. Anayepungukiwa hutajwa kwenye shukrani.

Kwetu jina la mkuu huongezwa kwa heshima. Tuseme ukweli: mwanafunzi gani atamwambia mwalimu wake, “Shikamoo Profesa, jina lako halistahili hapa”? Hawezi. Basi ni juu yetu wakubwa kulikataa jina kabla halijawekwa. Na kijana aliyezunguka vijijini na hojaji miezi minne, kisha akaachwa nje kwa kuwa “hakuandika”? Kanuni zilezile zinataka apewe nafasi ya kushiriki kuandika. Kumnyima nafasi hiyo, kisha kumhukumu kwa kuikosa, ni dhuluma.

Nami nimewahi kukosea. Nilipokuwa mhadhiri mchanga, mwenzangu aliniongeza kwenye makala yake. Nilisoma ikisiri tu, ule muhtasari wa mwanzo, nikakubali. Mwaka uliofuata mwanafunzi akaja na jedwali la tatu, akaniuliza kwa nini jumla ya wahojiwa haifanani na ya jedwali la kwanza. Sikuwa na jibu. Alinitazama kwa heshima, akasubiri.

Tangu siku hiyo, nikiombwa jina naomba kwanza faili la data. Wapo walionuna. Mmoja alilileta, tukakaa jioni mbili, tukakuta safu mbili zimebadilishana mahali. Alisahihisha, akaandika upya sehemu ya matokeo, ndipo tukaituma makala.